Kaunta ya Shemeji

Kwa limau alimvunja kidole. Kwa siki alimpasua mdomo. Kwa glasi ya juisi ya nanasi, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka juu ya kaunta na kuisahau, alimkaba shingo akambamiza kwenye mlango wa friji mpaka vyote vilivyokuwa juu ya friji vikamwagika. Namzungumzia shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mkaguzi wa majengo, mtu wa shati lililonyooshwa vizuri na sauti ya chini. Ukimkuta barabarani utasema huyu hata kuku hawezi kumchinja.

Mimi kazi yangu ni marumaru. Sisemi vile vigae vya kiwandani ambavyo watu huviita marumaru ili wajisikie vizuri. Nasema jiwe lenyewe, linalotoka mlimani, likapasuliwa mabamba, likaja na mishipa yake. Nalipima, nalikata, nalipachika kwenye ngazi za watu, bafu za watu, jikoni za watu, kisha nalisugua mpaka lipendeze. Kazini wananiita Msasa. Wenye adabu husema ni kwa sababu ya diski za msasa ninazofunga kwenye mashine. Wengine wanakumbuka nilivyomkimbiza fundi bomba mtaa mzima nikiwa na kipande cha bomba lake mwenyewe, baada ya yeye kutoboa ukuta niliokuwa nimeumaliza asubuhi ile. Hasira ninazo, sikatai. Nilizaliwa nazo zote, mdogo wangu alipokuja akakuta umebaki upole tu.

Walipotaka jiwe la jikoni, mimi ndiye niliyewapeleka ghalani kuchagua. Ghala la mawe linaweza kumtia mtu wazimu kama hajui anachotaka. Mabamba yamesimama yakiegemea vyuma, meupe, meusi, ya kijani, mengine yana mishipa ya dhahabu, na muuzaji anamwaga maji juu ya kila moja ili rangi ziamke na mteja apagawe. Kwa hiyo kila mteja wangu namfanyia jambo moja kabla hajapagawa. Nachukua kipande kilichobaki, nakamua limau juu yake, tunapiga soga kidogo, halafu napangusa. Kwenye graniti huoni kitu. Kwenye marumaru nyeupe iliyong'arishwa linabaki duara lililofifia, kama mtu amekipumulia kioo na mvuke ukagoma kuondoka. Huo si uchafu, nawaambia, maana uchafu unaoshwa. Hapo limau limelila jiwe. Hata ukipaka dawa ya kuzibia, dawa inazuia mafuta na chai visizame, haizuii limau kuunguza. Wengi wakishaona hivyo wanapeleka marumaru sebuleni au kwenye kuta za bafu, na jikoni wanaweka graniti. Wasiotaka graniti nawapa marumaru ya uso mkavu, ile ambayo haikung'arishwa, maana hiyo hata ikiliwa mtu haoni.

Shemeji aliliangalia lile duara kwa muda mrefu. Akaomba akamue yeye. Kisha akawasha tochi ya simu, akailaza juu ya jiwe ubavuubavu, mwanga ukatambaa, na madoa yote mawili yakajitokeza waziwazi. Akanieleza kwamba ndivyo wanavyokagua plasta.

"Kwa hiyo hili halisahau," akasema.

"Halisahau, shemeji. Ndiyo maana nakushauri uchukue..."

"Nataka hili."

"Jikoni?"

"Jikoni. Nyumba yenye nidhamu haihitaji jiwe gumu."

Mdogo wangu akacheka, akanibinya mkono, kama kusema unamwona mume wangu anavyojua kuongea. Mimi pia nikacheka. Nilidhani nimepata mteja anayependa vitu vizuri, na watu hao wamekuwa adimu.

Nikaipachika. Kaunta moja ndefu kutoka dirishani hadi kwenye friji, nyeupe, yenye mishipa ya kijivu iliyoshuka kwa mshazari mpaka ukingoni. Nilijivunia, kwa kweli. Maungio hukuyaona hata ukipitisha ukucha, na ukiinama juu yake unaona meno yako yote na lile bovu.

Haukupita muda simu zikaanza.

"Dada, njoo na mashine."

Alikuwa akipiga asubuhi, mumewe akishatoka. Nikifika namkuta amesimama kando ya doa, amelifunika kwa kitambaa kama mtu anayesitiri aibu. Nafunga pedi ya sufu, naweka unga wa kung'arishia na maji kidogo, nasugua taratibu mpaka mng'ao unarudi. Yeye anawasha tochi, anailaza ubavuubavu, anainama. "Hapa bado, dada." Alikuwa amejifunza pembe zote. Kidole kimefungwa kijiti, anasema kilibanwa na mlango. Mdomo umeshonwa, anasema aliteleza bafuni. Nami nilikuwa nimepachika sakafu ya bafu lile kwa mikono yangu, jiwe lenye uso wa kukwaruza, ambalo hata mtu aliyepaka mafuta miguuni hatelezi juu yake.

Siku ya nanasi hakuweza kusema aliteleza. Vidole vya mtu vilikuwa shingoni mwake, vyote, unaweza kuvihesabu. Nikazima mashine.

"Ni yeye?"

"Niliacha glasi."

"Nimekuuliza ni yeye?"

"Glasi ilikuwa yake, lakini mimi ndiye niliyepaswa kuiondoa." Akasema vile mtu anavyoeleza kwamba mvua inanyesha. "Anapita na tochi kila jioni akirudi. Akikosa alama, tunakula, tunaongea, hata anacheka. Akiona alama ndipo inakuwa hivyo. Nisipoweka alama hakuna shida."

Nilitukana matusi ambayo sitayarudia hapa, mama yetu bado yupo. Nikamwambia abebe nguo twende kwangu saa ile ile. Nikaenda chumbani mwenyewe, nikashusha begi juu ya kabati, nikaanza kutupia humo chochote nilichokigusa. Alikuja nyuma yangu akitoa kimoja kimoja na kukikunja vizuri. Tukavutana begi kama watoto. Nilikuwa na nguvu kumzidi, ningeweza kumbeba begani nikampakia kwenye gari pamoja na mashine, lakini nilipomshika mkono alijikunja, akaficha uso. Mdogo wangu alijikinga na mimi. Nikauachia ule mkono.

"Si yeye, dada," akasema, amekaa kitandani. "Ni hilo jiwe. Kabla ya jiwe hakuwa hivi."

"Kabla ya jiwe alikuwaje?"

Alifikiri. "Kulikuwa na zulia," akasema.

Hakutaka kuendelea na habari ya zulia. Akaniuliza jambo lingine. Ule uso mkavu niliomwonyesha ghalani, ule usioonyesha kitu, je, naweza kuutengeneza pale pale jikoni, jiwe likiwa limeshapachikwa? Nikamwambia naweza kuung'oa mng'ao wote kwa asubuhi moja.

"Basi ng'oa."

Nikaona pa kumshika. "Tukiung'oa, halafu akakupiga tena bila alama yoyote, utaondoka?"

"Hatanipiga."

"Nimesema akikupiga."

Aliniangalia sana. "Nitaondoka."

"Apa."

Akaapa kwa jina la baba yetu, na tangu baba afariki hakuna aliyewahi kuapa hivyo kwa mchezo. Sikutaka kingine duniani zaidi ya kumtoa mle ndani akiwa anapumua. Nilijua pia nilikuwa nimeweka dau mwili wake na si wangu. Nikajiambia siku hiyo nitakuwepo. Nitakuwa nimesimama pale pale.

Tulingoja Jumamosi aliyokwenda kukagua jengo nje ya mji. Nilifika na mashine kubwa, mpira wa maji, ndoo, nyundo yangu ya mpira na diski za kwaruzo kali. Nilifunika makabati kwa nailoni. Kusugua jiwe kwa maji si kazi ya kistaarabu. Mashine inanguruma, maji yanaruka, na jiwe linatoa uji mweupe unaokuingia masikioni. Nilipoitua diski ya kwanza juu ya ule mng'ao moyo uliniuma, maana nilikuwa naichubua kazi yangu mwenyewe. Baada ya hapo haukuniuma tena. Niliisukuma mashine kama nasukuma kichwa cha mtu chini ya maji. Meno yangu yaliyokuwa yakionekana mle yakafifia, yakapotea.

"Nipe na mimi," mdogo wangu akapiga kelele juu ya mngurumo.

Nikampa. Alishika mashine kama mtu aliyeshika pembe za mbuzi mkaidi, ikamburuta hadi kwenye sinki, tukacheka mpaka nikakaa chini. Akaizoea. Pale karibu na friji alikandamiza kuliko panavyohitaji, akasugua, akasugua, uji ukimrukia usoni, na alikuwa akisema maneno ambayo sikuyasikia kwa kelele. Nilimwacha. Nikabadilisha diski, nikalainisha pote mpaka uso ukawa sawa, mkavu, mweupe kama unga. Nikaosha, tukakausha kwa taulo.

Alichukua limau, akalikata, akalikamua lote juu ya kaunta. Tukaongea habari za mama na magoti yake. Akapangusa. Akawasha tochi, akailaza, akainama, akatambaa na ule mwanga kutoka dirishani hadi kwenye friji. Hata mimi ninayejua pa kutazama sikuona kitu.

"Hakuna," akasema. Akakaa chini kwenye maji, akalia kwa furaha, kidole chake kilichopinda kikiwa juu ya mdomo.

Bado tulikuwa hatujakusanya vifaa tuliposikia gari lake. Amewahi. Mdogo wangu akaruka, akapangusa uso, akatundika taulo, akasimama mbele ya kaunta kama mtoto aliyesafisha nyumba bila kuambiwa. Mimi nikabaki pembeni ya mlango wa nyuma, miguu kwenye uji mweupe ambao ulikuwa haujapigwa deki.

Shemeji aliingia na viatu vyake vya ngozi. Aliangalia nailoni, ndoo, mashine juu ya kaunta, waya wake kwenye soketi. Akanisalimu vizuri. Akatoa simu, akawasha tochi, akailaza.

Mwanga haukutambaa. Ulikaa pale pale ukazama, hafifu, kama umemwagwa kwenye mchanga. Akasogea. Akailaza tena. Alikwenda kaunta nzima polepole, akarudi.

"Nani?"

"Mimi ndiye niliyetaka," mdogo wangu akasema. Sauti yake ilikuwa na furaha, Mungu wangu, ilikuwa kama anampa zawadi. "Dada amenisaidia tu. Sasa halitashika alama tena, mume wangu. Hutakuwa na haja ya kukagua. Utakuwa unapumzika."

Alizima tochi. Akaweka simu mfukoni. "Kazi nzuri, shemeji," akaniambia. "Safi kabisa."

Mdogo wangu akanitazama na kutabasamu, akanionyesha kwa macho, umeona? Nami nilianza kupumua. Ndipo nikayaona macho ya yule mtu. Yalikuwa yanazunguka. Yalipita sakafuni, yakapanda kwenye bomba, yakapita kwenye rafu moja moja, vikombe, sahani, sufuria, kama mtu aliyepoteza funguo. Hayakuwa na haraka. Yakafika kwenye ndoano kando ya sinki, yakatulia.

"Taulo," akasema.

Akampiga. Hakumpiga kofi. Alimpiga ngumi ya kisogoni alipogeuka kuitazama ile taulo, na uso wake ukaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa kaunta. Nilisikia jino. Akaanguka ubavu, naye akamfuata na kiatu, mbavuni, tena mbavuni, bila kupandisha sauti, bila hata kukunja uso.

Mdogo wangu alikuwa chini, damu inamtoka mdomoni. Hakusema samahani, hakusema nilisahau. Alimtazama kutoka pale chini. "Taulo?" akauliza. Alisema kama mtu anayeuliza kweli.

Mimi nilikuwa nimeshafika. Kitu cha kwanza kilichonijia mkononi kilikuwa nyundo, nikamtandika nayo mgongoni kwa nguvu zangu zote. Ikadunda. Ni nyundo ya mpira, jamani. Imetengenezwa kupigia mawe ya thamani yasipasuke. Nikampiga nyingine ya shingo, ikadunda, akageuka akanitazama kama anayesumbuliwa na inzi. Akanishika nywele.

Sikujua kwamba ana nguvu kiasi kile. Nimebeba mabamba maisha yangu yote, nina mabega ya kuwatisha wanaume, lakini alinikunja kama karatasi. Alinibamiza kichwa kwenye kaunta, nikaona weusi. Nilimng'ata mkono mpaka nikahisi ladha. Akanibamiza tena. Kisha nikasikia ule mngurumo ninaoujua kuliko sauti ya mama yangu, nikafumbua macho, nikaona ameishika mashine. Alikuwa amenilaza shavu juu ya jiwe, goti mgongoni, na diski inakuja usoni kwangu.

Nikaweka mkono. Sitaeleza sana. Diski ile huchubua marumaru, sembuse ngozi. Iliondoka ngozi kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, na lile joto, na ile harufu. Nilipiga ukelele ambao majirani waliniambia baadaye walidhani ni mnyama. Shemeji aliinua mashine kidogo, akaielekeza tena, taratibu, kwa uangalifu, kama fundi.

Ikanyamaza.

Mdogo wangu alikuwa ametambaa hadi kwenye soketi na kuung'oa waya. Alikuwa amepiga magoti, ameukamata kwa mikono miwili, ule waya uliomzunguka mumewe mguuni bila yeye kujua. Shemeji akatazama mashine iliyokufa mkononi, akamtazama mkewe. "Rudisha," akamwambia.

Mdogo wangu akavuta. Alivuta kwa uzito wote wa mwili wake, akijitupa nyuma. Mguu mmoja ukaondoka chini ya shemeji, na ule mwingine ulikuwa kwenye uji wa jiwe, na kiatu cha ngozi chenye soli laini. Akaenda chini kama gunia. Ukingo wa kaunta ulimdaka chini ya taya. Nimekata kingo nyingi na kuzilainisha ili watoto wasiumie, na huu pia nilikuwa nimeulainisha, lakini jiwe ni jiwe. Taya lilipasuka kwa mlio mkavu, akaanguka chali, macho wazi, akitoa mapovu mekundu.

Nikadhani imekwisha. Mdogo wangu akasimama. Alitembea akiwa ameshika mbavu, akaokota mashine sakafuni, akaiinua kwa mikono miwili. Ni nzito, chuma kitupu, mimi mwenyewe huibeba kwa kuegemeza nyongani. Akaishusha juu ya goti la mumewe. Akaiinua, akaishusha juu ya mkono wake wa kulia, uliokuwa umekwenda upande ukijaribu kushika kitu. Vidole vilivunjika vyote kwa mpigo. Shemeji alilia kwa lile taya lililoning'inia, sauti isiyo na maneno ndani yake, na mdogo wangu akaiinua tena.

Hakuwa analia. Hakuwa na hasira hata, au labda ilikuwa hasira ambayo sijawahi kuiona, mimi niliyedhani nazijua zote. Safari hii alikuwa ameilenga kwenye uso.

"Basi," nikasema.

Hakunisikia. Nikajitupa, nikamkumbatia kwa nyuma kwa mkono wangu mzima, ule mwingine ukichuruzika damu juu ya gauni lake. "Basi, mdogo wangu. Basi. Utafungwa kwa ajili ya huyu? Basi." Katika maisha yangu yote ilikuwa watu ndio wananiambia mimi maneno hayo, na sasa nayasema mimi, na nilikuwa namwogopa. Alisimama vile, mashine hewani, kwa muda ulionishinda. Kisha mikono ikachoka yenyewe, akaishusha. Iliangukia sakafuni kando ya sikio la mumewe na kupasua kigae.

"Nilikuapia," akasema. "Twende."

Hatukwenda na begi. Majirani walikuwa mlangoni, wengine wameshapiga simu. Mmoja alivua kanga akanifunga mkono, mwingine alimbeba mdogo wangu mgongoni hadi kwenye gari lake. Polisi walitukuta hospitalini. Shemeji naye aliletwa huko huko, upande mwingine wa jengo, na askari mlangoni pake. Hata pale alipolala, walisema, alikuwa akijaribu kuwaonyesha kwa mkono wa kushoto kwamba shuka halikutandikwa sawa. Sijui kama ni kweli. Aliyenieleza alikuwa anacheka, mimi sikuweza.

Mkono wangu waliufunga, wakaniambia nitahitaji kuwekewa ngozi kutoka pajani. Mimi nikakaa kwenye stuli kando ya kitanda cha mdogo wangu, mdomo wake ukishonwa. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mikono yenye huruma, mtu anayeshona vizuri. Alikuwa akiongea ili mgonjwa asisikie sindano, kama wanavyofanya wote. Alisema pole. Alisema mbavu zitapona zenyewe, asicheke sana tu. Alisema jino anaweza kuweka lingine.

"Sasa mlikosana nini, mwanangu?" akauliza.

Nikamwona mdogo wangu anafungua mdomo. Ninamjua. Nilikuwa nimeusikia mdomo ule ukisema limau, ukisema siki, ukisema glasi, na kila mara sababu inatoka imekunjwa vizuri kama nguo za kwenye begi. Nikangoja aseme taulo. Nilikuwa tayari kumkatiza, nimweleze yule mama kila kitu tangu ghalani.

"Hatukukosana," akasema.

"Najua, najua. Lakini mtu hakasiriki hivihivi. Kulikuwa na kitu."

Nikavuta pumzi niseme. Mdogo wangu akaniwekea mkono juu ya goti, ule wenye kidole kilichopinda, akanibana ninyamaze.

"Hakuna kitu," akamwambia muuguzi. Maneno yalitoka yamevimba, lakini yalisikika. "Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu. Akanipiga."

Yule mama alikaa na sindano yake juu, akamtazama. Kisha akasema haya, usitikise kichwa, akaendelea kushona.